Kukata Shauri Jukwaani: Kufundisha Uigizaji kwa Kuanzia Maandishi

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha tamthilia anaijua hali hii. Wanafunzi wamefungua vitabu. Mmoja amepewa nafasi ya mfalme, mwingine ya mjumbe, na wa tatu anasoma maelezo yaliyomo katika mabano. Usomaji unakwenda polepole, sauti zote ni za namna moja, na mwalimu anapochoka kusikiliza anasema: "Someni kwa hisia!" Basi mfalme anapaza sauti, mjumbe naye anapaza sauti, darasa linacheka kidogo, na baada ya kauli tano kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini agizo hilo halisaidii, na ni lipi lifaalo kuwekwa mahali pake. Hoja yetu ni moja. Kazi ya mwigizaji si kuonyesha hisia, bali ni kukata shauri. Mbele ya kila kauli iliyoandikwa hana budi kuamua mhusika wake anataka nini kwa mwenziwe, na atamtendea nini ili akipate. Kisha autende uamuzi huo bila ya kusitasita. Uamuzi huo hutolewa katika maandishi, na hurudishwa kwenye maandishi ili upimwe. Stadi hii inafundishika, hata katika darasa lisilo na jukwaa, mapazia wala taa.

Kosa nililolitenda mwenyewe

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, nilitayarisha mchezo mfupi kwa ajili ya siku ya wazazi. Muda ulikuwa mchache, nikachukua njia ya mkato: kila kauli niliitamka mimi kwanza, na wanafunzi wakaiga. Binti aliyeigiza mama alikuwa hodari kuliko wote. Aliiga hata mahali nilipovuta pumzi. Siku ya mchezo ilipofika, mwenziwe aliruka kauli mbili. Binti yule akasimama kimya. Kauli zake zote alikuwa nazo moyoni, lakini hakujua mama yule alikuwa akitafuta nini katika mazungumzo yale. Kwa hiyo hakuwa na njia ya kuendelea, ila kusubiri lisemwe neno alilozoea kulijibu. Neno hilo halikuja. Watu walianza kuguna, naye akatoka mbio mbele ya wazazi wake. Hakuigiza tena kwa muda wote aliokaa shuleni pale.

Wakati ule nilimlaumu mwenziwe. Nilichelewa mno kutambua kwamba kosa lilikuwa langu mimi: nilimpa binti yule sauti bila ya kumpa sababu. Nayaandika haya si kwa kutubu tu, bali kwa kuwa naamini njia ile ya mkato bado inatumiwa na walimu wengi wenye nia njema.

Maswali matano kabla ya kusimama

Mtu aliyelishughulikia tatizo hili kwa bidii kubwa ni Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1863 na kufariki mwaka 1938. Mwaka 1898, yeye na Vladimir Nemirovich-Danchenko walianzisha mjini Moscow jumba la michezo lililokuja kujulikana duniani kote. Stanislavski alichoshwa na waigizaji waliokuwa na ishara za akiba: mkono kifuani kwa mapenzi, ngumi hewani kwa hasira, kiganja usoni kwa huzuni. Ishara hizo hutumika katika mchezo wowote na kwa mhusika yeyote, ndiyo maana hazisemi lolote juu ya mhusika huyu wa mchezo huu. Badala yake alimtaka mwigizaji aanze na neno ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita "lau". Lau ningekuwa mimi katika hali hii, ningefanya nini?

Lakini "hali hii" ni ipi? Hapo ndipo usomaji wa makini unapoanza. Tunawashauri wanafunzi wajibu maswali matano, penseli mkononi, kabla ya mtu yeyote kusimama:

(a) Mimi ni nani, na huyu mwenzangu ni nani kwangu?
(b) Tuko wapi, na ni wakati gani?
(c) Ni jambo gani limetokea kabla ya kauli ya kwanza?
(d) Nataka nini kwa mwenzangu sasa hivi?
(e) Ni kitu gani kinanizuia nisikipate?

Majibu ya maswali matatu ya mwanzo hutafutwa kitabuni, na kila jibu sharti lionyeshwe kwa kidole: ni kauli ipi, ukurasa upi. Maswali mawili ya mwisho ni ya namna nyingine. Maandishi huyaelekeza majibu yake, lakini aghalabu hayayatamki. Hapo mwigizaji hana budi kukata shauri.

Mfano wa darasani

Ili tusizungumze hewani, na tutazame kipande kifupi kilichotungwa kwa ajili ya somo hili. Mwalimu anaweza kukiandika ubaoni chote.

(Usiku. Mama ameketi karibu na taa ya chemli. Zuhura yuko mlangoni, ana mfuko mkononi.)

ZUHURA: Hodi.
MAMA: Karibu.
ZUHURA: Shikamoo, mama.
MAMA: Marahaba. Umechelewa.
ZUHURA: Gari liliharibika njiani.
MAMA: Chakula kiko jikoni.
ZUHURA: Nimekwisha kula.
MAMA: Baba yako amelala.
ZUHURA: Sitamwamsha.
MAMA: Keti.

Mwanafunzi anayekisoma mara ya kwanza atasema hakina kitu: binti amerudi, mama amempokea, basi. Mwalimu asikubali wala asibishe. Awaombe warudi kwenye maneno. Kwa nini mtoto wa nyumba apige hodi nyumbani kwao? Huenda amekaa mbali muda mrefu, au hana hakika kama mlango huu ungali wake. Nani aliyeweka chakula jikoni, na kwa ajili ya nani? Mama alimtazamia, ama sivyo asingesema chakula kiko. Ikiwa gari liliharibika njiani, binti huyu alikula wapi? Na kwa nini anakataa chakula cha mama yake? Baba yumo katika mazungumzo ingawa amelala, na binti anaharakisha kuahidi kwamba hatamwamsha. Hakuna aliyetaja hofu, lakini hofu inaweza kuwamo.

Kwa hiyo kauli kumi zilizoonekana kuwa tupu zimejaa dalili. Hata salamu imo katika hesabu. Mwana anaposema "Shikamoo", kila mmoja wetu anajua jibu litakalofuata; kwa sababu hiyo hiyo, mama akikawia kidogo kabla ya kusema "Marahaba", darasa zima litashtuka. Hakuna haja ya kumfundisha mtoto wa Kiswahili uzito wa salamu isiyoitikiwa upesi. Analijua hilo tangu nyumbani. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba analijua.

Kitenzi chenye yambwa

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi, "Mama huyu yukoje?" atajibiwa: amekasirika, amesikitika, amefadhaika. Majibu hayo yanaweza kuwa kweli, lakini hayaigiziki. Lugha yetu yenyewe inatuonyesha sababu. Kukasirika, kusikitika, kuhuzunika, kushtuka: hivi ni vitenzi vya hali. Humweleza mtu aliyefikwa na jambo, na katika umbo hili havimwelekei mtu mwingine. Anayeambiwa "kasirika" hana la kufanya isipokuwa kukunja uso na kungoja.

Linganisha na vitenzi hivi: kumchunguza, kumbana, kumtuliza, kumwonya, kumsuta, kumbembeleza. Kila kimoja kina kiambishi cha yambwa, ile "-m-" inayomtaja anayetendewa. Mara mwanafunzi anapokitamka kitenzi hicho, macho yake humwelekea mwenziwe, kwa sababu sarufi yenyewe imemwelekeza huko. Basi kanuni yetu ya darasani ni rahisi: uamuzi wa mwigizaji uandikwe kwa kitenzi chenye yambwa. Asiandike "Nimekasirika" bali aandike "Nambana aseme ukweli".

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, "kumkasirikia" nacho si kina yambwa? Kinayo, lakini kiongezee mtihani wa pili: "Nitajuaje kwamba nimefaulu?" Anayembana mwenziwe atajua amefaulu pale mwenziwe atakapokiri au atakapoinamisha macho. Anayemtuliza atajua pale mabega ya mwenziwe yatakaposhuka. Anayemkasirikia hana cha kungojea. Hasira yake imekwisha kutimia ndani yake mwenyewe. Kitenzi kifaacho ni kile ambacho matokeo yake huonekana katika mwili wa mwenzako.

Chukua kauli moja tu, "Baba yako amelala", na uitende kwa vitenzi vitatu. Mama anayemtuliza binti yake anamwambia: usiogope, umesalimika kwa usiku huu. Mama anayemwonya anamwambia: punguza sauti, akiamka mimi simo. Mama anayembana anamwambia: hapa tuko wawili tu, hakuna wa kukutetea. Maneno ni yale yale matatu, hakuna herufi iliyobadilika, na hata hivyo tumepata wanawake watatu. Hivi ndivyo mchezo uliokwisha kuandikwa unavyoweza kuigizwa upya mara nyingi bila ya kuharibiwa.

Aidha, kitenzi si lazima kiwe kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mama anaweza kuanza kwa kumkaribisha binti. Kisha, aliposikia "Nimekwisha kula", akaanza kumchunguza. Mwanafunzi achore mstari mdogo wa penseli mahali hapo pa kugeuka. Mistari hiyo ikiwa mingi mno, mchezo hukatikakatika. Ikikosekana kabisa, mchezo hulala.

Nguvu si kelele

Wanafunzi wengi wakiambiwa wawe na uamuzi thabiti hudhani wanaambiwa wapige kelele. Dawa ya dhana hii imo katika hotuba ya Mark Antony mbele ya maiti ya Caesar, katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, akaupitia tena na kuutoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Katika hotuba ile Antony anamwita Brutus mtu wa heshima, na anairudia sifa hiyo mara kwa mara. Mwanafunzi anayejua mwisho wa hotuba huitamka kwa kejeli tangu mara ya kwanza, huku akibetua midomo. Anaona huo ni uigizaji wenye nguvu. Na tumrudishe kwenye maandishi. Brutus ndiye aliyemruhusu Antony kusema, kwa sharti kwamba asiwalaumu waliomwua Caesar. Brutus amekwisha kuhutubia kwanza, na umati umemkubali kwa shangwe. Antony anapopanda, raia mmoja anasema waziwazi kwamba afadhali asimseme Brutus kwa ubaya mahali hapa. Je, mtu aliye katika hatari hiyo ataanza kwa kejeli? Akifanya hivyo hatafika kauli ya kumi.

Kwa upande mwingine, maandishi hayaturuhusu kumfanya Antony mtu mnyofu aliyechukuliwa na majonzi tu. Katika onyesho lililotangulia, alipobaki peke yake na maiti, alitabiri vita na umwagaji wa damu. Basi anajua anakokwenda. Uamuzi thabiti ni kuitamka sifa ile mara ya kwanza kwa namna ambayo umati utaiamini kabisa, kwa kitenzi kama "kuwaridhisha". Mara ya pili aiweke kando ya tendo jema la Caesar, "kuwatia shaka". Na kuendelea hivyo mpaka neno lile lile, bila ya kubadilishwa, limegeuka kuwa tusi katika masikio ya wasikilizaji. Aliyeanza juu hana mahali pa kupandia. Aliyeanza kwa utulivu ameitunza nguvu yake yote.

Mipaka ya uhuru

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Je, kila uamuzi basi ni sawa? La. Tuseme mwanafunzi mmoja ameamua kwamba mama wa Zuhura anamfukuza binti yake. Darasa limwulize: mbona alimweka chakula? Mbona neno lake la mwisho ni "Keti"? Akiweza kujibu kwa kuonyesha maneno, uamuzi wake usimame. Akishindwa, atafute kitenzi kingine. Hapigwi marufuku na mwalimu. Maandishi ndiyo yaliyomkatalia. Tofauti hii ni kubwa sana katika malezi ya fikra.

Mfano mzito zaidi ni mchezo wa Ebrahim Hussein uitwao Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969, unaohusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha ubunifu, asichanganywe na mtu wa historia. Mwishoni mhusika huyu, akiwa kifungoni, anatakiwa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Mwanafunzi wa haraka atamwigiza kama shujaa asiye na shaka, kifua mbele. Lakini kabla ya hapo mchezo umetuonyesha mtu aliyesumbuliwa na shaka juu ya ujumbe alioupokea, aliyetaka vita vingoje, na ambaye watu walimpita wakaenda kupigana. Kumwigiza kama mwaminifu asiyetikisika ni kuzifuta kurasa hizo. Kumwigiza kama mlaghai aliyenaswa ni kuufuta mwisho. Mwigizaji lazima atafute kitenzi kitakachoyabeba yote mawili: anamnyima adui neno lile, si kwa kuwa hana shaka, bali kwa kuwa anajua watoto wa watoto watakavyoambiwa akilitamka.

Sentensi hiyo ya "si hivi, bali vile" inatukumbusha Bertolt Brecht wa Ujerumani, aliyeishi kuanzia mwaka 1898 hadi 1956. Brecht aliwataka waigizaji watende kwa namna ambayo mtazamaji ataona pia lile tendo ambalo mhusika hakulitenda. Hakukimbia, bali alibaki. Hakulia, bali alikunja nguo. Kwa mwalimu wa darasani hili ni zoezi zuri: kando ya kila kitenzi alichokichagua, mwanafunzi aandike kitenzi alichokikataa. Uamuzi usio na kilichokataliwa si uamuzi, ni mazoea.

Sauti, kimya na mwili

Baada ya kitenzi kupatikana, ndipo ufundi wa sauti na mwili unapokuwa na kazi ya kufanya. Tutaje mambo matatu tu.

Kwanza, mkazo. Katika maneno ya Kiswahili mkazo hukaa, isipokuwa kwa maneno machache, katika silabi ya pili kutoka mwisho, wala hatuuhamishi kwa kupenda. Anayetaka kusisitiza hutumia njia nyingine: mpangilio wa maneno, "ndiye" na "ndiyo", marudio, na kimya. Njia hizo mwandishi amekwisha kuziweka katika maandishi, mwigizaji azitafute. Zuhura anasema "Sitamwamsha", na kiambishi "si-" kinatosha kumtaja msemaji. Lau mwandishi angeandika "Mimi sitamwamsha", neno hilo moja la ziada lingetuuliza: ni nani basi atakayemwamsha? Mwanafunzi aliyefundishwa kuziona ziada za namna hii hahitaji kuambiwa aseme kwa nguvu.

Pili, kimya. Kimya si pengo baina ya kauli, bali ni kauli isiyo na maneno, nacho kinahitaji kitenzi chake. Katikati ya hotuba yake Antony anaomba anyamaze kidogo kwa sababu ya majonzi. Wakati huo raia wanaanza kusemezana, na kwa mazungumzo yao tunaona kwamba wameanza kugeuka. Mwigizaji anayetazama chini na kuhesabu moja, mbili, tatu, amekipoteza kimya hicho. Anayesikiliza umati amekitumia.

Tatu, mahali na vitu. Zuhura ana mfuko mkononi. Je, anauweka chini lini? Akiuweka mara anapoingia, amerudi nyumbani. Akiushika mpaka mwisho, yuko tayari kuondoka. Akiuweka baada ya neno "Keti", mama ameshinda. Tendo hilo dogo halihitaji kipaji cha pekee. Linahitaji mtu aliyeamua.

Utaratibu wa vipindi viwili

Somo lifuatalo ni la dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika 40, na limekadiriwa kwa darasa la wanafunzi 45. Vifaa ni ubao, chaki na karatasi ndogo. Jukwaa ni mstari wa chaki sakafuni, au kivuli cha mti uwanjani.

Dakika 10 za kwanza wanafunzi wanasoma kipande kimyakimya na kujibu maswali (a), (b) na (c). Dakika 15 zinazofuata ni za mazungumzo ya darasa zima, na kila jibu lionyeshwe katika maandishi. Kisha darasa ligawanywe katika makundi 15 ya watu watatu: wawili wanaigiza, wa tatu ni mpimaji. Mwalimu atoe karatasi zenye vitenzi vitano vya mama, kila kitenzi kwa makundi matatu, na mwigizaji wa mama asimwonyeshe mtu. Anayeigiza Zuhura achague kitenzi chake mwenyewe. Mazoezi yachukue dakika 20, huku mpimaji akiuliza baada ya kila mara: "Umemtenda nini mwenzako, na umeona nini kwake?" Kwa dakika 25 makundi matano, moja kwa kila kitenzi, yaonyeshe mbele ya darasa. Watazamaji wasiseme "vizuri" wala "vibaya". Wajaribu kukitaja kitenzi. Wakikitaja sawasawa, au kwa kitenzi kilicho jirani nacho, uamuzi umeonekana. Wakitofautiana sana, uamuzi ulikuwa hafifu au haukutendwa. Dakika 10 za mwisho kila mwanafunzi aandike sentensi tatu: kitenzi alichokitumia, kauli iliyomuunga mkono, na kitenzi alichokikataa.

Sentensi hizo tatu ndizo za kusahihishwa. Kwa njia hii mwanafunzi mwenye haya, au mwenye sauti ndogo, hupata alama anazostahili, maana linalopimwa ni usomaji na uamuzi wake. Tena zoezi hili humsaidia katika mtihani wa fasihi: swali linalomtaka aeleze tabia ya mhusika na kutoa ushahidi halitakuwa geni kwake, kwa kuwa amekwisha kulijibu kwa mwili wake.

Nafasi ya mwalimu

Jambo gumu kuliko yote katika somo hili ni mwalimu kunyamaza. Mwanafunzi anapokosea, ulimi wetu hutuwasha tumwonyeshe namna ya kuitamka kauli. Tujizuie. Tumwulize: unataka nini kwake? Asipojua, tumrudishe kitabuni. Akijua lakini haonekani akitenda, tumpe kitenzi kikali zaidi: mahali pa kumwuliza, amhoji, mahali pa kumwomba, amsihi. Na akifanya uamuzi ambao sisi tusingeufanya, lakini anao ushahidi, tumpishe.

Huenda mtu akasema kwamba watoto hawana uzoefu wa kuamua mambo ya watu wazima. Nadhani tunawadharau. Wengi wao wamewahi kumsikia bibi akisimulia ngano, akiwa fisi na sungura kwa zamu, na wamezisimulia ngano hizo wenyewe kwa wadogo zao. Hakuna aliyewaambia wazisimulie kwa hisia. Walijua fisi anataka nini, na hilo lilitosha.

Mara kwa mara namkumbuka binti yule aliyesimama kimya siku ya wazazi. Lau angejua kwamba mama anayemwigiza alikuwa akimzuia mwanawe asiondoke, kauli mbili zilizorukwa zisingemwangusha. Angemzuia kwa kauli iliyofuata, au hata kwa kusogea tu mpaka mlangoni. Nilimnyima nafasi ya kuamua, kisha nikamwacha peke yake mahali panapotaka uamuzi. Somo la uigizaji likiendeshwa vema humpa mtoto nafasi hiyo mapema, mbele ya wenziwe, katika jambo ambalo akikosea hakuna anayeumia: asome, akate shauri, atende, na awe tayari kuulizwa sababu.